Maji yanayotoka mwisho wa shamba

Wanangu mnaolima vitunguu Mang'ola, maji yanayoingia shambani mnayalinda vizuri. Zamu yako ikifika hata usiku wa manane unaamka, unashika jembe, unafuata mfereji. Lakini yale yanayotoka upande wa chini, nani anayafuata?

Yanateremkia Ziwa Eyasi, na Eyasi halina mto unaotoka. Maji yakifika pale huondolewa na jua tu, nalo jua huchukua maji matupu, likaacha chumvi na mengi ya yale yaliyosafiri nayo. Ziwa la namna hiyo halijioshi. Tunachokiteremsha leo watakikuta perege, heroe na wajukuu wenu.

Tuanze na mbolea, maana mfukoni inauma. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Ukiimwaga juu ya udongo kwenye joto letu, sehemu yake hugeuka hewa ya amonia ikapotea. Ukifungulia maji mengi, nyingine huondoka nayo. Basi igawe mara mbili au tatu, ifukie kidogo, kisha mwagilia kwa kiasi. Mbolea ya DAP ina tabia nyingine: fosforasi yake hung'ang'ania udongo, husafiri pale tope linaposafiri. Ukizuia tope, umeizuia kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo ziba jaruba la mwisho, na chini yake acha ukanda wa nyasi. Najua bei ya kitunguu ikipanda mkono huwasha kuulima ukanda ule. Usiulime. Kando ya mto na ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshatuwekea mita 60, na mimi naona ni sheria ya haki.

Tena msidhani ukame unatulinda. Ardhi iliyokaa miezi bila mvua hukauka ikashikana, na mvua kubwa ya kwanza hukimbia juu yake kabla haijazama, ikizoa kila kilicho wazi. Ukiona mawingu yanajikusanya, mbolea ibaki stoo.

Sasa dawa za wadudu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo roho inaponiuma. Kijana anamaliza kupuliza, analitumbukiza bomba kwenye mfereji, anasuuza, maji yanageuka meupe kama maziwa, anaondoka. Huko chini kuna mama anateka ya kupikia, kuna ng'ombe wa Wadatoga wanakunywa, na Wahadzabe walikuwa wakiishi kwa maji ya bonde hili kabla kitunguu hakijafika. Hakuna kati yao aliyeulizwa.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na kila mara mimina masuuzo ndani ya bomba, upulizie shamba lile lile. Dawa uliyoinunua itumike yote. Kisha itoboe chupa, mtu asije akaichotea maji. Bomba nalo lioshewe shambani, mbali na mfereji na chemchemi.

Kamati ya maji mnayo, na anayeiba zamu ya mwenzake mnajua kumwita kikaoni. Kikao kijacho pendekezeni anayesuuza bomba mfereji­ni aitwe vivyo hivyo, na anayefungulia maji ya tope kutoka shambani kwake aitwe pia, awe ndugu, awe tajiri, awe mwenyekiti mwenyewe.