Je, Kivuli ni Dhambi?



Wako watu wafugao samaki wadogo nyumbani katika tangi la kioo, na ndani yake hupanda mimea ya majini yenye mashina marefu. Mimea hiyo mara nyingi huuzwa imefungwa kwa mpira, mfano wa fungu la mchicha. Asiyejua huchomeka fungu zima mchangani kama lilivyo. Kwa siku chache hupendeza. Kisha majani ya chini, kwa kukosa mwanga, hugeuka manjano, na mashina ya katikati huoza.

Ajuaye hufungua ule mpira, huondoa majani ya chini, na kupanda shina moja moja, akiacha nafasi ya sentimeta 2 au 3 kati yao, na zaidi kidogo kwa yenye majani mapana. Huko Uholanzi, ambako ufundi huu umestawi tangu miaka ya 1930, wana namna ya kupanda iitwayo njia ya Leiden, Leiden ukiwa ni mji wa huko. Mashina ya aina moja hupangwa kwa safu, mafupi mbele na marefu nyuma, hata kila moja lipate mwanga na kuonekana. Wala hayatawanywi ovyo. Hubaki jamaa moja.

Lakini kupanga vizuri hakumalizi kazi. Shina lenye nguvu hukua hata likafika juu ya maji, kisha hulala na kutandaza majani yake kama paa, na chini yake huwa giza. Hapa ndipo penye swali letu. Je, shina lile limekosa? Halina hila, wala halikumchukia jirani. Limekua tu, kama Muumba alivyoliumba.

Sasa tujitazame. Yuko mzee aliyeongoza kwaya miaka ishirini. Kila wimbo huuanzisha yeye, na vijana kwa heshima hunyamaza. Yuko mama amfanyiaye binti yake kila jambo kwa upendo, hata binti hawezi kuamua neno. Hawana nia mbaya. Ukiwaambia kwamba wanawazuia wenzao watahuzunika sana, nasi tutawahurumia.

Wengine husema, pasipo nia mbaya hapana kosa. Kwa shina ni kweli, kwa sababu shina halina macho. Mtu anayo. Kivuli tusichokijua si dhambi. Lakini siku tuinamishapo kichwa tukaona majani ya chini yamekuwa manjano, tangu siku hiyo kukaa pale pale ni kuchagua. Na mtu akikataa kutazama chini asije akaona, huyo naye amekwisha kuchagua.

Mtaniuliza, je, mwenye kipawa aadhibiwe kwa kuwa amekua? La, hasha. Mtunza tangi hukata sehemu ya juu ya shina, huondoa majani machache ya chini, akaipanda tena mahali penye nafasi, nayo hutoa mizizi mipya. Kisiki kilichobaki nacho huchipua, mara nyingi machipukizi mawili mahali pa moja. Hakuna kilichotupwa. Hivyo yule mzee asifukuzwe katika kwaya. Aketi kando ya kijana na kumfundisha kuanzisha wimbo. Nanyi vijana mlioshika mkasi, angalieni: kung'oa si kupogoa.

Yohana Mbatizaji alikuwa na wafuasi wengi, naye alipomtambua Bwana alikubali kupungua kwa furaha. Hakungoja kukatwa. Shina haliwezi kufanya hivyo; sisi tunaweza, na huo ndio utukufu wetu kuliko majani.

Basi juma hili kila mmoja wetu, nyumbani, kazini na hapa kanisani, ajiulize: ni nani aliye chini yangu, na je, anapata mwanga? Bwana atupe macho ya kuona, na moyo wa kusogea.