Udhu na Moto wa Hasira

Mwanadamu hakuumbwa na akili peke yake. Aliumbwa na moyo pia, nao huogopa, huhuzunika na hughadhibika. Yafaa basi tujiulize: je, ibada humtaka Mwislamu asiwe na hasira, au humfundisha kuitawala?

Natuchukue mfano wa pwani ya Shangani, Mtwara. Wavuvi wawili wagombana, jarife la mmoja limekatwa na chombo cha mwenzake. Maneno yapanda, mkono wakaribia kuinuka. Mara yasikika adhana ya alasiri. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba aliyeghadhibika hali amesimama na aketi, asipopoa na ajinyoshe, tena na atawadhe, kwa kuwa hasira ina asili ya moto. Basi wawili hao huosha mikono ile ile iliyotaka kupiga, husimama safu moja bega kwa bega, na kuweka vipaji vya nyuso chini. Mwisho kila mmoja hugeuka kulia na kushoto kutoa salamu, na huenda aliye kushoto kwake ndiye hasimu wake. Jarife bado limekatika na fidia bado yadaiwa. Lakini sasa watadaiana kwa maneno.

Wako wadhanio kwamba subira ni unyonge. Sivyo. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Dini haikukataza machozi, ilikataza kupita mpaka. Wala haikuamuru dhuluma inyamaziwe. Mwezi Mei 2013 mji wa Mtwara ulikumbwa na ghasia juu ya bomba la gesi. Swali la wananchi kuhusu manufaa ya mali iliyo kwao lilikuwa na uzito wake, lakini moto haukulijibu. Uliteketeza nyumba, na ghasia zikaacha misiba. Mwenye haki ndiye aihitajiye zaidi akili yake, na hasira ndiyo mwizi wa kwanza wa akili.

Hata hivyo, asaliye kwa viungo tu, moyo ukabaki sokoni, atatoka msikitini na ghadhabu yake ile ile. Ibada ni mazoezi: mara tano kwa siku, na mwezi mzima wa Ramadhani, mja hujizoeza kuiambia nafsi yake, "Ngoja." Wahenga walisema hasira hasara. Ajuaye kungoja hakuiacha haki yake. Ameiepusha na hasara hiyo.