Sababu ya Kuwa Tabibu

Vijana wengi wakiulizwa kwa nini wataka kusomea utabibu hujibu kuwa wameupenda tangu utotoni, na jawabu hilo ni jema; walakini Elizabeth Blackwell, mzaliwa wa Bristol aliyehamia Marekani, hakuwa na mapenzi hayo hata chembe, kwani siku mwalimu alipoleta darasani jicho la ng'ombe, lingali limekaa juu ya shahamu yake yenye damu, alichafukwa na moyo, na kule kufikiri habari za maradhi tu kulimkirihi. Kilichombadili ni rafiki yake mmoja, mgonjwa mahututi, aliyemwambia kuwa lau angalitibiwa na mwanamke mwenziwe, mateso yake makubwa kabisa yasingalimfika. Akabisha milango ya vyuo vingi na kukataliwa, hata mwaka 1849 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya utabibu nchini Marekani. Nami naiona sababu yake kuwa bora kupita mapenzi ya utotoni, maana ilitoka katika haja ya mtu mwingine, wala haikungoja nafsi yake iridhike kwanza. Mwaka 1857, pamoja na wenziwe, alifungua mjini New York hospitali ya wanawake na watoto mafukara, ambamo matabibu wenyewe walikuwa wanawake.