Je, Kukosea ni Kosa?

Kuna methali tuijuayo sote: kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia. Sisi walimu twaipenda sana, maana yatusaidia kumkemea mwanafunzi mara ya pili. Lakini je, ni kweli daima? Mtu ajifunzaye kazi mpya akiiharibu mara mbili, mara tatu, amekwisha kuwa mwenye hatia? Swali hili hatukulipata katika vitabu. Tulilipata katika sufuria ya mkate.

Hapa kwetu Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, watoto hupenda kula mkate na chai kabla ya kwenda shule. Kuwanunulia watoto watano mikate kila siku ni mzigo kwa mfuko wa katekista. Tukasema moyoni: kuoka si kazi ngumu, ni unga, maji, chumvi na chachu, basi. Tulisoma Kilatini miaka mingi, mkate utatushinda? Tukatwaa kitabu cha mapishi kilichoandikwa Ulaya, tukapima nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 320 za maji, gramu 10 za chumvi na gramu 5 za chachu kavu.

Mara ya kwanza tulimimina maji ya moto sana, tukidhani moto utaiamsha chachu upesi. Donge likakaa kutwa kama jiwe. Hatukufikiri ya kuwa chachu ni kitu chenye uhai. Lakini mtaalamu Mfaransa Louis Pasteur alianza kulionyesha jambo hilo mwaka 1857. Chachu ni viumbe vidogo mno. Hula sukari iliyomo katika unga, hutoa hewa, na hewa hiyo hukamatwa ndani ya donge na kuliumua. Maji yakifika digrii 60, viumbe hivyo vyafa. Kumbe, tulikuwa tumewaua wafanyakazi wetu kabla kazi haijaanza!

Mara ya pili tulitumia maji ya vuguvugu. Kitabu kilisema donge liachwe kwa muda wa saa mbili. Tukatii, tukaliacha saa mbili kamili. Lakini saa za kitabu kile zilikuwa za jiko la nchi ya baridi. Katika joto letu la ziwani chachu hufanya kazi mbio. Tuliporudi, donge lilikuwa limeumuka na kuanguka, lanuka kama pombe.

Hapo tulikwenda kwa mama mmoja mjane, jirani yetu, aokaye mikate ya kuuza katika tanuru ya matofali. Alicheka taratibu, akasema: «Mwalimu, usitazame saa, tazama donge. Ulibonyeze kwa kidole: alama ikirudi polepole, liko tayari. Ikikataa kurudi, umechelewa. Tena, ukiisha kuoka, uugonge mkate chini yake. Ukilia kama ngoma, umeiva. Usipolia, urudishe motoni.» Tukajibu: «Ndiyo, Mama, tumesikia.»

Tusimame kidogo tufikiri. Tuliharibu mara mbili. Je, tulikuwa na hatia? Hapana. Tulikosa maarifa, hatukukosa nia njema. Mtakatifu Toma wa Akwino, akimfuata Aristoteli, atenga mambo mawili. Katika ufundi, mtu akoseaye kwa kutaka ni fundi bora kuliko akoseaye bila kutaka, maana yule wa kwanza ujuzi anao. Katika mwenendo wa maisha ni kinyume: atendaye vibaya kwa kutaka ndiye mbaya zaidi. Basi mkate mbovu wauhukumu mkono. Peke yake hauwezi kuuhukumu moyo.

Ikaja mara ya tatu. Ilikuwa Jumapili, nasi tulikuwa na wageni. Tuliweka sufuria juu ya makala, na makala mengine juu ya kifuniko. Mkate ukapata rangi nzuri. Tukaugonga, haukulia. Tulisikia vema kwamba haukulia. Lakini wageni walikuwa wamekwisha kaa, nasi tulitamani kusifiwa. Tukaukata. Ndani ulikuwa mbichi, wanata kama gundi. Mgeni mmoja akatutazama, nasi tukasema: «Unga wa siku hizi! Mwenye duka ametudanganya.» Mama wa watoto akainamisha kichwa. Alijua kwamba unga ulikuwa mzuri.

Tazameni, wasomaji: mikate mitatu, yote mibaya, na hatia iko katika mmoja tu, tena ule uliopendeza kuliko yote kwa macho. Kwa hiyo twaona methali yetu yataka nyongeza. Kurudia peke yake si kosa. Kosa ni kujua na kutosikia. Na kumtwika mwingine lawama ya kazi ya mikono yetu ni kosa lililo kubwa zaidi.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tulimkumbuka kijana mmoja wa darasa letu la kusoma, aliyechanganya herufi b na d kila juma. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake, tukamtajia methali hii hii. Hakurudi tena. Je, alijua na kukataa? Hatukumwuliza. Tulimpimia saa ya kitabu, donge lenyewe hatukulitazama.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mgeni, tukamwambia ukweli juu ya unga, maana tulikuwa tumelichafua jina la mwenye duka. Maneno yalikuwa machache, lakini miguu ilikuwa mizito. Kisha tukaenda kwa wazazi wa kijana. Baba yake alitupokea kwa heshima. Kijana alisimama nyuma ya mlango, akasikia tukiomba radhi, asiseme neno. Mpaka leo hajarudi darasani. Hatuwezi kumlazimisha, nafasi yake kwenye benchi ingalipo.

Basi, ndugu wazazi na walimu, mtoto au mwanafunzi akiharibu kazi mikononi mwenu, msiuhesabu kwanza wingi wa mara. Ulizeni mambo matatu: Je, alijua? Je, alitaka? Je, asema kweli juu ya alichofanya? Kama hakujua, afundishwe tena, hata mara ya kumi. Kama alijua akapuuza, aonywe. Naye akisema kweli, msimwaibishe, asije akajifunza kusema uongo. Na maswali hayo matatu tujiulize sisi wenyewe kwanza.

Mkate wetu sasa walia kama ngoma. Si kila siku. Siku usipolia, twaurudisha motoni, na watoto wangoja.