Haki ya Mnyama Aliyefungwa

 

Ndugu zetu wa Thika na Ruiru, nchi yetu imebadilika. Mashamba mengi ya kahawa na mkonge yamekatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na tangu kupanuliwa barabara kuu ya Thika, 2012, nyumba zimesimama palipokuwa malisho. Kwa hiyo mwenye kufuga ng'ombe wa nyama humfunga bandani, akamkatia mabingobingo. Jambo hili si haramu. Bandani mna kivuli, kupe hupungua pamoja na homa yao, na dume asiyetembea kutafuta malisho hunenepa upesi.

Lakini yatupasa tufahamu tumefanya nini tulipofunga mlango. Ng'ombe wa malishoni akiona kiu huyaendea maji. Akichoka na matope huhamia pakavu. Wa bandani hana ila sisi. Itazameni hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Alimfunga, asimlishe, wala asimwache ajitafutie mwenyewe.

Wako wasemao: "Huyu ni wa kuchinjwa, raha ya nini?" Izzud-Din bin Abdis-Salam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, amehesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe: alishwe ijapokuwa amezeeka au ni mgonjwa na hana faida tena, asichanganywe na wenye kumdhuru, na mahali pake pa kulala patengenezwe vizuri. Wala hakumtoa wa kuchinjwa katika haki hizo.

Na mahali pa kulala si jambo dogo. Ng'ombe hulala saa 10 na zaidi kila siku, na hapo ndipo acheuapo kwa utulivu. Wafugaji wengi wa kwetu humpimia kila mmoja futi 4 kwa 7. Sakafu huinamishwa ili mkojo upite, na juu yake hutandazwa majani makavu, kwani saruji tupu huchubua magoti. Maji yasikatike, maana dume mkubwa aweza kunywa lita 40 siku ya jua. Asimamaye katika samadi kwato zake huoza, hukataa kulala, hula kidogo, akakonda. Mwenyewe naye hupoteza ile faida aliyomfungia.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Idd moja tulinunua madume sita ya udhhiya, tukawalaza katika banda la wawili, sisi tukashughulika na visu na orodha ya wagawiwa. Asubuhi tulikuta ndoo ya maji imepinduka, na mmoja ana jeraha la pembe ubavuni. Tulichinja, tukapiga takbiri, na hakuna aliyeuliza ndoo ile ilipinduka saa ngapi.

Idd ijayo tumeweka watu wawili wa kukesha bandani. Kazi yao ni maji na majani makavu tu. Wallahu aalam.