Kuahidi kwa Mikono ya Wengine

Katika zama zetu hizi imezuka kazi ambayo wazee wetu hawakuijua kwa jina, ingawa asili yake ni ule ule udalali. Viko viwanda vikubwa viundavyo simu, kompyuta na televisheni kwa ajili ya makampuni mengine. Jina lililochapwa juu ya kitu silo la aliyekiunda. Viwanda hivyo huajiri watu wasiounda chochote, bali huzunguka dunia wakiwatafuta wenye majina, wakawatajia bei na siku, wakarudi na oda. Nasi twauliza: mtu huyu auza nini?

Msomaji atasema auza bidhaa. La! Siku atiapo sahihi, bidhaa hiyo haijakuwako. Auzacho ni ahadi, wala hataitimiza yeye. Wataitimiza vijana wasiomjua, waliosimama mbele ya meza ndefu wakikaza skurubu zamu kwa zamu.

Mfano ulio mashuhuri ni kampuni ya Hon Hai ya Taiwan, ijulikanayo pia kwa jina la Foxconn. Terry Gou aliianzisha mwaka 1974 kwa vitufe vya plastiki vya televisheni. Katika miaka ya 1980, yasimuliwa, alizunguka Marekani miezi 11 akibisha mlango hata mlango kutafuta wateja. Na mwaka 1988 akafungua kiwanda Shenzhen, China. Juhudi hiyo iliwapatia watu malaki mshahara, nasi hatuidharau, maana maskini halishwi kwa mawaidha. Lakini mwaka 2010 wafanyakazi zaidi ya 10 wa kampuni hiyo walijiua, wengi kwa kujirusha kutoka majumbani juu. Kampuni ikatandika nyavu chini ya majumba, ikaongeza mishahara. Mwaka 2012 wakaguzi walioombwa na Apple walikuta katika viwanda vitatu kwamba wako waliofanya kazi zaidi ya saa 60 kwa juma, na hali sheria ya China hairuhusu zaidi ya saa 36 za ziada kwa mwezi.

Hatusemi kwamba mtafuta oda ndiye aliyewaua. Sababu za mtu kujitoa roho ni nyingi, na nyingine hufichika hata kwa jamaa zake. Twasema tu kwamba saa zile hazikuzuka wenyewe: mahali fulani, juu ya meza safi, mtu alitaja siku.

Tutazame hapa petu. Kofia ya viua ishonwayo kwa mkono yaweza kumchukua mwanamke miezi. Mwenye duka akimwahidi mgeni kofia 100 kabla ya Idi pasi na kuwauliza washonaji, ameahidi macho ya watu na usingizi wao. Akisema, "Nilidhani wataweza," twamjibu kwamba dhana si idhini. Ilimpasa apige hodi kwanza. Na mtafuta oda wa kiwanda ni vivyo hivyo: kabla ya kutaja siku na amwendee msimamizi wa zamu, amuulize mikono ni mingapi na saa ni ngapi zilizo halali.

Atasema, "Nisipoahidi mimi, ataahidi mwenzangu wa kiwanda cha pili." Huenda ikawa kweli, na oda ikapotea, khasara hiyo ni khasara hasa, wala hatuifichi. Lakini hoja hii yamfaa kila mwenye kudhulumu, na hoja imfaayo kila mtu haimtakasi yeyote.

Ujira wake nao wataka kutazamwa. Akilipwa fungu lake siku ya sahihi, yatakayotokea baadaye yatakuwa ya wengine. Akilipwa baada ya mzigo kupakiwa na saa za wafanyakazi kuhesabiwa, ataanza kuuliza mapema. Na mnunuzi abadilishaye ramani ya kitu majuma mawili kabla ya kupakia, asiongeze siku wala senti, naye yumo katika hesabu hii, hata kama hajapata kukitia mguu kiwanda.