Sukari Guru si Dawa

Ndugu zetu Waislamu, twasikia yasemwa kwamba sukari guru haimdhuru mwenye ugonjwa wa sukari, maadamu haikusafishwa kiwandani. Sisi wenyewe tulidhani hivyo. Lakini sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa hata yakaganda; madini yaliyomo ni kidogo, na sehemu yake kubwa ni sukari ile ile. Nguvu tuzionazo tukifuturu kwayo ni sukari iliyopanda damuni. Hata asali, ambayo Mola ametaja shifaa yake katika Sura An-Nahl, ina kiasi chake. Mwili ni amana. Basi vipi tumwandalie mzee wetu mgonjwa kipande cha sukari guru, huku twamwambia aache dawa za daktari?